Maswali ya wasomaji: Kamba, mota au boksi?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, salaam. Mimi ni mzazi, mkazi wa Tabata. Mwanangu ana miaka 14, na kwa muda wa miaka 3 tumekuwa tukichezea pamoja magari ya rimoti ya betri. Sasa tumepania kununua lori dogo la injini ya nitro. Kuna mtu anayehama mjini ambaye anayo matatu, na bei zake hazipishani sana. La kwanza huwashwa kwa kuvuta kamba. La pili lina mota ndogo ya umeme iliyofungwa nyuma ya injini, nayo huzungushwa kwa kuchomeka kifaa cha mkononi chenye betri. La tatu halina chochote cha kuwashia, bali hukalishwa juu ya boksi lenye gurudumu la mpira ambalo huizungusha injini kutoka chini. Muuzaji anasema la tatu ndilo bora kwa sababu ni la mashindano. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa jenereta, ananishauri nichukue la kamba kwa kuwa mambo ya umeme yatanisumbua. Nichukue lipi? Tunachezea kwenye uwanja wa wazi wa mtaani, Jumapili asubuhi.
— Mzazi, Tabata

JIBU: Ndugu yangu, chukua la pili, lile la mota, iwapo muuzaji ataliwasha mbele ya macho yako likiwa la baridi. Nimetanguliza jibu kwa sababu mtu anayehama hangoji barua mbili, lakini naomba unisikilize na sababu zake, maana hata jirani yako na muuzaji wako wana ukweli ndani ya maneno yao.

Injini hizi za nitro, zinazotumia mafuta ya methanoli na nitromethani, hazina cheche kama ile ya pikipiki. Kichwani pana plagi yenye waya mwembamba wa madini ya jamii ya platinamu, ambao hupashwa moto kwa umeme kidogo wa volti 1.2 hadi 1.5 wakati wa kuwasha tu. Injini ikishashika, umeme huondolewa, na waya huendelea kuwa mwekundu kwa joto la mwako wenyewe na kwa jinsi methanoli iliyomo katika mafuta inavyoungua inapougusa. Kwa hiyo kila njia ya kuwasha, iwe ya kamba, ya mota au ya boksi, inafanya kazi moja tu: kuizungusha injini kwa kasi ya kutosha, huku plagi ikiwa ya moto na mafuta yakiwa yamefika kwenye kabureta kwa kiasi. Mambo hayo matatu yakikutana, injini huwaka kwa mvuto wa pili au wa tatu. Moja likikosekana, utavuta mpaka jua la utosi. Watu wengi wanaolaumu stata, kosa lao liko kwenye plagi au kwenye mafuta.

Nianze na kamba, kwa kuwa ndiyo niliyoanza nayo mimi. Uzuri wake ni kwamba ni nyepesi, ni ya bei nafuu, na haikuhitaji ubebe kitu kingine uwanjani zaidi ya kiwasha plagi, yaani kifaa kidogo cha betri cha kuipasha plagi moto, na chupa ya mafuta. Jirani yako ameizoea kwenye jenereta, na pengine anadhani mambo ni yale yale. Tofauti ni kwamba kamba ya jenereta ni nene na huvutwa kwa mkono mzima hadi mwisho, ilhali ya lori la rimoti ni nyembamba mfano wa kamba ya kiatu, na spring yake inayoirudisha ndani ni utepe mwembamba wa chuma. Inatakiwa ivutwe kwa mapigo mafupi na ya haraka, kiasi cha sentimita 20 hadi 30, bila kuifikisha mwisho wake, kisha uisindikize kwa mkono inaporudi badala ya kuiachia ijipige.

Hayo sikuyajua. Siku yangu ya kwanza, kwenye uwanja mmoja wa Mbezi, nilivuta kamba kwa karibu nusu saa mpaka ngozi ya kidole ikachubuka, na kadiri injini ilivyokataa ndivyo nilivyozidi kuziba bomba la ekzosi kwa kidole ili mafuta yapande. Mwishowe kamba ikawa ngumu kana kwamba imefungwa kwenye mti. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa ameketi juu ya pikipiki yake chini ya mwembe akanitazama, akasema, “Mzee, hiyo imekunywa. Toa plagi kwanza.” Alikuwa hajawahi kuligusa lori la nitro maishani mwake. Tulifungua plagi, tukaligeuza lori miguu juu, nikavuta mara tatu, na mafuta yakaruka kupitia tundu la plagi hadi kwenye shati langu. Tukapangusa, tukairudisha plagi, na injini ikawaka kwa mvuto wa pili. Kamba yenyewe ilikatika wiki iliyofuata, pale pale inapoingilia kwenye kifuniko chake, kwa sababu ya yale mapigo marefu niliyoipiga.

Nakusimulia kisa hiki kwa sababu ndicho kiini cha uchaguzi wako. Mafuta yakijaa juu ya pistoni hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Mkono wa mtu huhisi ugumu ule na kusimama, hata kama mwenye mkono hajui maana yake. Mota haina hisia hizo. Ukiendelea kubonyeza kitufe wakati injini imelewa mafuta, kitakachoshindwa kwanza ni meno ya gia za stata, au mota kuungua, na kwenye boksi lenye nguvu zaidi hata konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, inaweza kupinda. Kwa hiyo anayenunua lori la mota anapaswa kujifunza sharti moja kabla ya mengine yote: injini ikigoma kuzunguka, achia kitufe papo hapo, fungua plagi, geuza lori, zungusha mpaka mafuta yatoke, ndipo uanze upya. Mwelekeze mwanao aweke uso mbali na tundu la plagi wakati wa kazi hiyo, na avae miwani, kwa kuwa methanoli ni sumu, si kitu cha kuingia jichoni.

Sasa, kwa nini nakuelekeza kwenye mota licha ya hatari hiyo? Kwanza, mmekuwa na magari ya betri kwa miaka 3. Vifaa vya aina hii, ukiwemo ule unaoitwa EZ-Start wa kampuni ya Traxxas, kwa kawaida hutumia betri ya volti 7.2, ambayo bila shaka mnazo nyumbani pamoja na chaja yake. Wasiwasi wa jirani yako kuhusu umeme unaisha hapo: chajini betri Jumamosi jioni, na hata umeme ukikatika Jumapili mtakwenda uwanjani. Angalieni tu kwamba betri ni ya nikeli, kwa maana betri za lithiamu zina tabia nyingine, na si kila kifaa cha kuwashia kimetengenezwa kwa ajili yake.

Pili, kifaa cha namna hiyo huipasha plagi moto kwa waya ule ule unaozungusha mota, na taa ndogo hukuonyesha kama plagi inapata umeme. Anayeanza hufaidika sana na taa ile. Mwenye kamba hubaki akikisia kama ni plagi iliyokufa, au ni kiwasha plagi kisicho na chaji, au ni yeye mwenyewe asiyejua kuvuta. Wewe utatazama taa, na sababu moja itakuwa imeshaondoka kwenye orodha. Usichanganye kifaa hicho na kile cha HPI kinachoitwa Roto Start, ambacho mota yake imo mkononi, na fimbo yake huchomekwa kwenye tundu lililo nyuma ya injini. Hicho nacho ni kizuri, na lori hupungua uzito, lakini plagi utaipasha kwa kiwasha chake cha pembeni.

Tatu, kijana wa miaka 14 ataweza kuliwasha mwenyewe akiwa amelishika lori kwa mkono mmoja na kifaa kwa mkono mwingine. Kwenye kamba, mtoto huvuta kwa hasira akishachoka, na hasira ndiyo inayokata kamba.

Kuhusu boksi, muuzaji wako hakudanganya. Magari ya mashindano hayana kamba wala mota kwa sababu uzito hupungua na injini hubaki na kifuniko cha nyuma kisicho na tundu la kupitishia fimbo, hivyo pa kuvujia hewa hupungua. Boksi huzungusha flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye injini, moja kwa moja, kwa nguvu nyingi, na injini hushika kabla hujamaliza kukandamiza. Ila boksi lenyewe ni mzigo: lina betri ya volti 12, mara nyingi ile ya risasi ya ampea-saa 7 inayofanana na zinazotumika ndani ya UPS za ofisini, na vijiti vyake vinne vya kukalishia gari lazima vipangwe kulingana na chasisi yako ili gurudumu lifike kwenye flaiwili bila kukwaruza kitu kingine. Aidha, malori mengi yenye matairi makubwa hayakuchongwa tundu la flaiwili chini ya chasisi. Kama lori la tatu linalo tundu na boksi limo ndani ya bei, ni mali nzuri kwa mtu atakayekwenda kushindana. Ninyi mnaokwenda uwanja wa mtaani mtajikuta mmebeba boksi zito kuliko lori lenyewe. Nami sioni raha ya kubeba betri ya kilo 2 na zaidi kutoka Tabata kwa ajili ya kazi ya sekunde 3.

Siku ya kukagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa kichwa cha injini. Kikiwa cha moto, ngoja kipoe, ongeeni habari nyingine. Lori lililowashwa asubuhi huwaka jioni hata kama injini imechakaa, na udhaifu huonekana likiwa la baridi kabisa au la moto sana. Fungua plagi na uzungushe flaiwili kwa kidole: pistoni inapofika juu unapaswa kuhisi mbano, kwa kuwa silinda za injini nyingi za aina hii zimechongwa zikiwa nyembamba kidogo juu kuliko chini. Ikipita juu kama kisu kwenye siagi, hakuna stata itakayokusaidia. Halafu sikiliza mota ya kuwashia. Ikizunguka kwa mlio mwembamba ilhali injini imetulia, beringi iliyomo ndani, ile inayoshika ikizunguka upande mmoja tu, inateleza. Huenda imelowa oili tu, na kuisafisha kutatosha, au imekwisha, na hapo punguza bei.

Mbano huo huwa mkali zaidi kwenye injini mpya, nao huua stata nyingi. Watu wa hapa hudhani joto la Dar es Salaam linatosha kuilegeza, lakini nyuzi 32 za mchana wa Januari si kitu kwa chuma kilichotengenezwa kifanye kazi kikiwa na nyuzi 100 na zaidi. Injini mpya, au iliyobadilishwa pistoni na silinda, ipashwe kichwa kwa draya ya nywele kwa dakika kadhaa kabla ya kuwashwa. Nyumbani kwangu ombi la kuazima draya lilizua maswali mengi kuliko ununuzi wa lori lenyewe. Na kila mnapozima, mgeuze flaiwili kwa kidole mpaka pistoni ishuke chini, ili silinda isiikamate pale juu inapopoa. Wekeni alama ya rangi kwenye flaiwili kuonyesha mahali pa chini, na kazi hiyo itakuwa ya sekunde moja.

Utaratibu wa kuwasha uwanjani ni huu. Washa rimoti kwanza, kisha lori, na hakikisha kabureta imefungwa ikibaki na uwazi mdogo wa kama milimita moja; ukiwasha injini wakati kabureta iko wazi na rimoti imezimwa, lori litakimbia peke yake, na uwanja wa mtaani una watoto. Inua magurudumu yasiguse ardhi. Ziba ekzosi kwa kidole, zungusha injini kidogo huku ukiutazama mpira wa mafuta, na mara tu mafuta yanapogusa kabureta, toa kidole. Mimi nilikosea hapo. Ndipo uwashe plagi na kubonyeza kwa vipindi vya sekunde 2 au 3, ukiacha mota ipumue katikati. Majaribio matano yakishindikana, usitafute la sita. Fungua plagi uitazame: ikiwa imelowa, mafuta yamezidi, ikiwa kavu, hayajafika, ikiwa waya wake hauwaki rangi ya chungwa inayong'aa inapopewa umeme, ibadilishe.

Uliza pia kama mafuta yamo ndani ya biashara. Injini hizi hazitumii petroli. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani na oili, na kwa malori nitromethani huwa mara nyingi asilimia 20 hivi. Usifikirie kumwagiza ndugu anayerudi kutoka Dubai ayatie ndani ya begi, kwa kuwa ni kimiminika cha kuwaka moto na hakiruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Chupa ikae imefungwa vizuri, maana methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani unaijua. Mafuta yaliyokaa chupa wazi hufanya injini igome kuwaka, na lawama humwendea stata wa watu. Moto wa methanoli hauonekani vizuri juani, kwa hiyo msijaze tenki wakati kiwasha plagi kimechomekwa.

Neno moja pembeni. Nitro ina kelele kuliko betri mlizozoea. Kama uwanja wenu uko jirani na kanisa, Jumapili asubuhi ibadilisheni iwe alasiri.

SWALI: Langu la kamba linawaka vizuri, lakini kila nikichomoa kiwasha plagi linazima hapo hapo. Je, nifunge mota ya kuwashia badala ya kamba?
— Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana. Kamba yako imeshamaliza kazi yake pale injini iliposhika. Injini inayozima kiwasha kinapotoka ni injini ambayo waya wa plagi haubaki na moto wa kutosha. Badilisha plagi kwanza, kwa kuwa ndilo jambo rahisi. Ikiendelea, huenda mchanganyiko una mafuta mengi mno: kaza sindano kuu ya kabureta kwa sehemu ndogo sana ya mzunguko, kama mwendo wa dakika 5 wa ule mshale mrefu wa saa, kisha jaribu. Acha pia injini ipate joto kwa nusu dakika kabla ya kuchomoa. Kama unachezea ufukweni, safisha kichujio cha hewa, na baada ya hapo usirudi tena na lori hilo kwenye mchanga wa bahari. Chumvi na chembe zile zikipita kwenye kabureta huila silinda, na mbano ukishakwisha hata hiyo kamba haitakuwa na cha kuwasha.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Mbagala. Nimepewa boksi la kuwashia bila betri. Naweza kutumia betri ya bodaboda, na je, betri hiyo hiyo inaweza kupasha plagi?
— Kijana, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa boksi, inawezekana, ikiwa ni betri ya volti 12 iliyofungwa isiyomwaga asidi, na waya ziwe nene. Kabla ya kukalisha gari, bonyeza swichi na utazame gurudumu linazunguka upande gani; ukipishanisha waya, litaizungusha injini kinyume. Kwa plagi, usithubutu. Volti 12 zitaukata waya wake kabla hujaondoa mkono, na plagi ni kitu cha kuagiza. Tafuta kiwasha chenye betri yake moja ya nikeli ya volti 1.2, kile kinachobanwa juu ya plagi kama kofia, na ukichaji usiku uliotangulia. Kikiwa na chaji nusu hudanganya: waya huwa mwekundu hafifu, nawe utazungusha boksi mpaka betri ya bodaboda iishe, na mwenye bodaboda awe amesimama anakungoja.